Sisi Hatujambo

Irving, Texas
12 Novemba 1997

Kwa ndugu yangu Abdulghafur,

Salamu nyingi zikufikie huko majini uliko. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Baridi imeanza lakini nyumba ina joto, kwa sababu ni nyumba, imekaa juu ya ardhi kama nyumba za watu. Mama alipiga simu kutoka Mombasa. Magoti yanamsumbua, ulimi mzima. Ameniuliza kama kweli unalala ndani ya boti, nikamwambia amuulize mwanawe mwenyewe. Kazini kwangu, kwenye jiko la nyumba ya wazee, tumeletewa msimamizi mpya asiyekula chumvi, na anataka dunia nzima isile.

Sasa nije kwenye neno langu. Simu tuliapa kutopigiana, mimi na wewe, tangu siku ile uliponikatia sentensi katikati. Nilisema hiyo boti yako ya kale ni jeneza lenye injini, na neno hilo sijalifuta. Kwa hiyo naandika.

Nahla ameondoka. Nilirudi kazini nikakuta kabati lake limebaki henga tupu, na rafu yangu ya juu imeguswaguswa. Hakuacha hata kikaratasi. Chuo cha unesi alikwisha kukiacha tangu Septemba na mimi sikuambiwa, nilikuwa namfungia chakula kila asubuhi. Hujui nilivyoumia. Tangu babake arudi Mombasa kwa huyo mke mdogo, mimi na mtoto huyu tumekuwa wawili tu, usiku na mchana.

Jumapili anapiga simu. “I'm fine, Mama, niko kwa rafiki.” Rafiki gani? Na nyuma yake nasikia kitu kinadunda, du-du-du-du, hakipumziki. Nikamuuliza ni nini hicho, akasema mashine ya kufulia. Mashine gani ya kufulia inayokohoa?

Ghafur, hapa kuna mwanamume. Siku za mwisho alikuwa akirudi na kucha nyeusi. Nikimuuliza, ati wino. Siku hizi nani anaandika kwa wino? Wewe unaendesha teksi, unazunguka Houston yote. Nitafutie mwanangu. Uliza msikitini, uliza Alief, uliza Sugar Land. Ukimpata usimwambie kitu, niambie mimi.

Nduguyo,
Hadiya


Seabrook
23 Novemba 1997

Dada yangu mpenzi Hadiya,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Abiria wa uwanja wa ndege wamekuwa wengi kwa ajili ya sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga. Jamaa zetu wa Sugar Land wamepata mtoto wa kike, mashaallah, mweupe pee, wote wanagombania kafanana na nani. Mwambie Mama boti haiendi popote, imefungwa kwenye gati kwa kamba nne, nami nalala kama mtu mwingine yeyote.

Sisi hatujambo. Baridi ya majini ni mbaya, inaingia kutoka chini. Ile hita ya mafuta ya taa niliyoikuta kwenye boti ilikuwa inatoa moshi kuliko joto, tukaing'oa. Sasa tumetengeneza mambo mengine kabisa. Injini ikiwaka, maji yake ya moto yanapita kwenye mpira mpaka chumbani, yanaingia kwenye rejeta ndogo tuliyoitoa kwenye gari bovu, na feni inapuliza. Wallahi chumba kinakuwa Mombasa ya mwezi wa pili. Injini yenyewe ni ya petroli, mzee wa miaka thelathini, haiamki asubuhi mpaka ibembelezwe. Lakini ikishaamka ni sauti tamu.

Kuhusu Nahla, nitauliza. Houston ni kubwa, dada. Ila nakuomba usimfikirie mtoto vibaya. Ana miaka ishirini na moja, na ana akili kuliko sisi wawili.

Jirani yangu wa boti ya pili, Florent, Mkongo wa Lubumbashi, anakusalimu ingawa hakujui.

Mimi nduguyo,
Abdulghafur


Irving
4 Desemba 1997

Abdulghafur,

Marahaba. Sisi hatujambo. Barafu imeanguka barabarani, nimeteleza lakini sikuvunjika. Mama anataka picha ya boti. Usimpelekee.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimekaa na miwani. Umeandika “tukaing'oa.” Umeandika “tumetengeneza.” Umeandika “tuliyoitoa kwenye gari bovu.” Haya, niambie, huyo wa pili ni nani?

Mimi nakujua wewe. Ulikaa hapa kwangu mwaka mzima mlango wa choo umening'inia kwa bawaba moja, na kila siku unasema “kesho.” Uliwahi kuita fundi kubadilisha balbu! Leo unanipa somo la rejeta. Aliyekufundisha rejeta ni nani? Umeoa kimyakimya? Sema tu. Kama ni mke, mlete tumwone. Kama si mke, Ghafur, Ramadhani inabisha hodi, ujue la kufanya.

Na huyo Florent anayewasalimu wanawake asiowajua, ana umri gani?

Nimekuomba umtafute mwanangu. Umenijibu kwa mstari mmoja na injini ukaipa ukurasa. Mtu akikwepa hivyo, ana jambo.

Hadiya


Seabrook
15 Desemba 1997

Dada Hadiya,

Shikamoo. Pole sana kwa kuteleza. Vaa viatu vya mpira.

Sijaoa. Naapa sijaoa, wala hakuna mwanamke wa mtu humu ndani. “Tu” ni adabu, dada, si ndivyo tulivyolelewa? Mtu wa pwani akiulizwa hali anasema sisi hatujambo hata kama yumo shimoni peke yake. Mbona wewe mwenyewe unaandika “sisi hatujambo” kila barua, na nyumba nzima umo peke yako? Mimi sijakuuliza huyo wa pili ni nani.

Nisamehe. Sikulisema hilo kwa ubaya. Nilitaka kulikata, lakini limeshaandikwa.

Nahla nimemuulizia Alief yote. Hakuna hata mtu mmoja aliyemwona na mwanamume. Lala usingizi kwa hilo. Nadhani, nasema nadhani tu, pengine mtoto ana kitu anakipenda ambacho si unesi, na aliogopa kukwambia. Wewe hukumbuki ulivyomfukuza yule binti aliyekuja kutengeneza mashine yako ya kufulia? Ulisema msichana mwenye spana mkononi hana wazazi. Mwenye masikio alisikia.

Habari nyingine hakuna. Upepo unaingia kila pembe, tumeziba matundu yote kwa vitambaa. Harufu ya petroli haitoki, mpaka kwenye mkate. Tunafukiza udi ndiyo panalalika. Kichwa kinatugonga siku hizi, mimi nikirudi kazini na yeye

Kalamu imeteleza. Kichwa kinanigonga mimi. Ni baridi tu.

Florent ana miaka sitini na saba na nyonga ya bandia.

Nduguyo,
Ghafur


Irving
2 Januari 1998

Abdulghafur,

Ramadhani karimu. Funga ya kwanza nimeifungulia kwa tende na chai, nimesimama jikoni, mezani sikukaa. Unanielewa kwa nini. Umeniandikia neno lile kuhusu nyumba yangu na neno hilo linanifuata kila chumba.

Sasa sikiliza. Barua yako nilikaa nayo muda kabla ya kuijibu. Nilipoifungua tu, kabla sijasoma, ilinipiga harufu. Nikaiweka puani. Nikakaa kitako.

Udi ule naujua. Udi wa kuunga kila mwanamke ana mkono wake. Watu wote wanatia sukari na marashi, lakini maganda ya chenza yaliyokaushwa na kusagwa natia mimi peke yangu, tangu nije Texas, na hata Mama nimemficha. Kopo lake lilikuwa kwenye rafu yangu ya juu. Siku aliyoondoka Nahla, nalo liliondoka.

Kwa hiyo najua yuko wapi. Najua mashine ya kufulia inayokohoa ni ipi. Najua wino wa kwenye kucha ni nini, na najua nani alikufundisha rejeta. Wewe, damu yangu, ulinisoma nikilia kwenye karatasi, ukanijibu “Houston ni kubwa.”

Sitakuuliza kitu. Nikikuuliza utaniongopea, na ni mwezi mtukufu, sitaki nikuharibie swaumu. Hicho kichwa kinakuuma kwa sababu ya uongo, kitapona ukisema kweli.

Nimeweka kwenye kifurushi hiki kopo jipya la udi, maana lile la kwanza litakuwa limekaribia kwisha. Nimeweka na vidonge vya mkaa vya kufukizia, na sweta la kijani ambalo wewe halikutoshi. Fukizeni vizuri, asubuhi na jioni, msiwe na choyo, mpaka hiyo harufu ya petroli ife kabisa. Binti yangu hakulelewa kwenye nyumba inayonuka.

Mimi nitakuja siku nitakayotaka, bila hodi.

Hadiya


Seabrook
18 Januari 1998

Dada yangu,

Kwanza: Nahla yu mzima. Soma hapo tena kabla hujaendelea. Yu mzima, anakula, anabishana.

Ndiyo, yuko kwangu, tangu Oktoba. Alikuja na begi moja na kopo la udi akaniambia, “Mjomba, ukimwambia Mama naondoka, na safari hii hutajua nilikokwenda.” Ningefanya nini? Nilisema afadhali awe mahali ninapomwona. Anasoma ufundi wa injini hapa, chuo cha jioni, na mchana anafanya kazi kwenye yadi ya maboti. Ile rejeta ni kazi yake. Mimi nilishika tochi.

Kifurushi chako kilifika Alhamisi. Alipoona sweta alilikunjua magotini. Akanusa kopo, akasema, “She knows. Mama anajua.” Halafu akalivaa sweta na hakulivua tena.

Jumamosi mimi nilikuwa na teksi. Yeye alibaki anapika futari, tulikuwa tumemwalika Florent. Baridi ilikuwa kali, akawasha injini ili apate joto, madirisha yamefungwa, matundu tumeyaziba sisi wenyewe. Akafukiza udi wako, mwingi, asubuhi na jioni kama ulivyosema. Boti nzima ilinukia chenza. Kumbe mpira unaotoa moshi wa injini nje, ule ulio chini ya sakafu, ulikuwa umepasuka. Moshi ulikuwa unaingia chumbani kidogo kidogo kwa wiki nyingi, huo ndio uliokuwa unatugonga vichwa. Siku ile ulipasuka zaidi. Siku nyingine angenusa injini akajua kuna kitu. Yeye ana pua ya mbwa kwa mambo hayo. Siku hiyo hakunusa kitu ila nyumbani kwao.

Florent alikuja mapema kidogo na samaki wake. Alibisha, akaita, “Mama Nahla, niko hapa!” Wakongo humwita hata binti “Mama” kwa heshima. Hakujibiwa. Injini anaisikia. Mzee yule na nyonga yake aliupiga mlango bega mpaka ukatoka, akamkuta sakafuni pembeni ya chetezo cha udi, akamburuta hadi gatini kwa kola ya sweta. Wallahi sweta hilo lina kola imara. Hospitali wakampa hewa safi ya kwenye mtungi, wakasema angechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine.

Sikukupigia. Nilikuwa nimeshika simu ya ukutani pale hospitali, namba yako naijua kwa moyo, Nahla akanishika mkono. Akasema, “Mama akija atakuja kunichukua. Mwambie aje kuniona, siyo kunichukua. Akiweza hilo, aje.” Nami nikaweka simu. Kwa hilo unitukane utakavyo.

Sikulaumu kwa udi. Usijilaumu. Mimi ndiye niliyeona mtoto anaamka na kichwa kila siku nikasema ni baridi.

Abdulghafur


Irving
25 Januari 1998

Abdulghafur,

Mtoto wangu amelazwa hospitali na wewe unanunua stempu! Mtu mzima, na ndevu zako! Kiapo cha simu nilikula kwa sababu ya hasira, hukujua? Kiapo cha hasira unakiheshimu, mamake mtoto humheshimu. Na “Mama Nahla” ni nani, mbona anaitwa jina langu? Umenieleza ni heshima ya Kikongo. Nitalichunguza hilo nikifika.

Ngoja nivute pumzi.

Mshukuru sana Florent. Mwambie nitampikia biriani ya kondoo, na nyonga yake nimeiombea dua kila sala. Nilimshuku mtu mwema kwa salamu tu. Lakini muulize, samaki gani huyo anayeletwa kabla ya magharibi?

Nilipomaliza kusoma barua yako sikuvua hata aproni ya kazini. Nilichukua sanduku nikaenda stesheni ya basi la Houston, nikakata tiketi, nikakaa kwenye benchi. Mwanamke mmoja alitaka kukaa, akaniomba nisogeze sanduku. Nikalinyanyua kwa kidole kimoja. Lilikuwa tupu, Ghafur. Sikuwa nimetia nguo yangu hata moja. Nilibeba sanduku tupu la kwenda kutilia nguo zake.

Nikaliangalia. Basi likaita abiria, likaondoka. Nikarudi nyumbani na sanduku langu.

Mpe karatasi hii Nahla asome mwenyewe kuanzia hapa. Najua yuko nyuma ya bega lako anasoma tangu mwanzo.

Mwanangu, mimi nilikwambia fukiza mpaka harufu ife. Nilitaka kukuonyesha kwamba nakujua ulipo, nikuchome kidogo, unikumbuke. Nilisoma kwa mkono wa mjomba wako kwamba kichwa kinakuuma, na mimi kazini nawapikia wazee wagonjwa, nikashughulika na kukamata uongo. Nilishinda. Nikakamata kila kitu ila kile kilichokuwa kinakuua. Sijui nitalibebaje hili.

Idi nitakuja. Sina sanduku, nina mkoba wa mkononi. Nimekununulia kengele ya ukutani inayopiga kelele moshi wa injini ukiingia chumbani, hata kama haunuki. Muuzaji aliniuliza ni ya nyumba au ya boti, nikamwambia ni ya nyumba, halafu nikamwambia ni ya boti, halafu nikamwambia yote mawili, akaniangalia. Utaifunga wewe, kwa spana yako. Mimi nitashika tochi. Na huo mpira uliopasuka usiutupe, nataka kuuona kwa macho yangu, maana mjomba wako simwamini bado.

Udi sileti. Ukitaka harufu ya nyumbani utanivua mtandio ukaunuse.

Mlango wa choo huku bado umening'inia kwa bawaba moja. Sikwambii hivyo kwa sababu yoyote.

Nimesahau salamu mwanzoni, naziweka huku mwishoni. Mimi huku sijambo. Nimeandika “mimi.” Nililiandika lile jingine kwanza, nikalikata, ukiiangalia karatasi kwenye mwanga utaliona. Nitaliandika siku nikifika hapo gatini, nikabisha hodi, na wewe ukanifungulia.

Mamako,
Hadiya